Babu aliambiwa avae suruali, mimi nikaambiwa nivue

Kuna jamaa nilisoma naye chuo, siku hizi yuko kwenye kampuni moja ya matangazo hapa Dar, siitaji jina. Alhamisi moja akanipigia, hata salamu hakumaliza, "mwanangu, we si Mmasai?" Nikamwambia tumelala chumba kimoja hosteli miaka mitatu, leo ndo unauliza. Akacheka, akasema kuna mchongo, tangazo la bando la intaneti, wanatafuta Wamasai, njoo Jumamosi Mikocheni saa tatu asubuhi, nauli ipo na msosi upo.

Mi ni mhasibu. Nakaa Tabata, Jumatatu mpaka Ijumaa nimechomekea, na mwezi ule kodi ya nyumba ilikuwa inaniangalia vibaya. Nikaenda.

Nilikuta watu kama ishirini hivi wamekaa kwenye viti vya plastiki uani, nikawasalimia kwa Kimaa, lugha yetu, wakaitikia watatu. Wengine wote walikuwa vijana wa vikundi vya ngoma, Wazaramo, Wamakonde, mmoja Mhaya kabisa, wazuri wa mwili, warefu, na kila mmoja kaja na shuka lake kwenye begi maana hizi kazi wanazifanya kila siku, hotelini huko na kwenye harusi. Walinipokea vizuri tu. Mmoja akaniuliza nimeanza lini kucheza Umasai. Nikamwambia nimezaliwa nao, akadhani natania.

Dairekta alikuwa kijana mpole, hana baya lolote, nasema hivyo mapema ili msije mkadhani kulikuwa na mtu mbaya hapa. Akaniangalia masikio kwanza. "Mbona hujatoboa?" Baba yangu ni mwinjilisti wa KKKT, kwetu hakuna mtoto aliyetobolewa sikio wala kung'olewa jino la chini, nikamweleza, akaandika kitu kwenye karatasi. Halafu akanipa mstari wa kusoma. Ulikuwa umeandikwa hivi: "Yeroo! Sasa hata ng'ombe yangu iko na mtandao!" Mi nikasoma, "Yero, sasa hata ng'ombe wangu wana mtandao." Imenitoka yenyewe, shule imeniharibu. Akasema hapana kaka, umeongea vizuri mno, iseme Kimasai. Nikasema sawa. Nikamsalimia kwa Kimaa, nikamuuliza watoto na mifugo wanaendeleaje, nikamtajia na boma ninalotoka, pale Monduli. Chumba kizima kimya. Akasubiri nimalize, akatabasamu, akasema:

"Sio hicho. Kimasai cha Kiswahili."

Nimekifikiria hicho Kimasai cha Kiswahili tangu siku ile. Unakijua, kila Mtanzania anakijua, ni kile cha "mimi napenda hii mutu", kinachoongewa na mlinzi kwenye kila filamu ya Kibongo yenye geti, na kwenye vichekesho vya redioni asubuhi ukiwa kwenye daladala. Ni kweli wazee wetu wakiongea Kiswahili ngeli zinawakimbia, mama yangu mwenyewe zinamkimbia. Lakini mama hasemi "yeroo" kila baada ya sentensi, wala hashangai simu. Anayeongea vile ni mtu wa kwenye tiivii, na hana kwao.

Usaili nikafeli. Nafasi ya kuongea akapewa mchekeshaji mmoja, Mgogo, ambaye kwa kweli alikiongea hicho kilugha kuliko Mmasai yeyote ninayemjua, mpaka mimi nilicheka, sikatai. Sisi wengine tukapangwa nyuma tuwe tunaruka.

Sasa njoo kwenye mavazi. Dada wa mavazi alikuwa na sanduku zima la shanga, akamvalisha yule mchekeshaji ile mikufu mipana ya duara, inayokaa shingoni kama sahani. Nikaenda pembeni nikamwambia taratibu, dada yangu, hiyo ni ya wanawake, tena ukiiona imejaa hivyo ujue mara nyingi ni bibi harusi. Akaniangalia kama mtu aliyechoka, akanijibu, "Kaka, watazamaji hawatajua."

Hiyo "hawatajua" nilikuwa nimeshaisikia mahali. Mwaka 1989 Nike walitoa tangazo la viatu vya kutembelea milimani, walilipiga Kenya kwa Wasamburu, ambao ni ndugu zetu, Kimaa chao na chetu tunasikilizana. Mwisho wa tangazo mzee mmoja anageukia kamera anasema maneno, na chini yanatokea maandishi ya ile kaulimbiu yao maarufu, "Just do it", kwamba ndicho alichosema. Kumbe kulikuwa na mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Lee Cronk, aliyewahi kuishi huku na anajua lugha, akasikia mzee alichosema kweli. Alikuwa anasema hivi sivitaki, nipeni viatu vikubwa. Yaani mtu analalamika viatu vinambana, wao wamemgeuza nabii! Walipoulizwa, msemaji wa kampuni akasema walidhani Marekani hakuna mtu atakayejua alichosema.

Ila mzungu wa mwaka 1989 alikuwa na kisingizio cha umbali. Sisi tulikuwa Mikocheni, na Mmasai alikuwa amesimama hapo hapo anawaambia.

Na hakuwa peke yake, maana getini kulikuwa na mlinzi. Koti la buluu la kampuni ya ulinzi, suruali, buti, na kirungu cha plastiki, hicho cha plastiki kiliniuma kidogo. Tulipotoka kuvuta hewa nikamsikia ananisalimia, "Supai!" nikaitikia "Ipa!" tukaanza kuongea, mtu wa Simanjiro, miaka saba Dar. Akaniuliza mnarukia nini humo ndani, sherehe ya nani. Nikamwambia bando. Akacheka mpaka akashika geti. Kumbe jana yake walimfuata na yeye, kijana mmoja wa humo ndani akamwambia vua yunifomu uje utusaidie. "Nikamuuliza, kuna nani kaoa? Kuna vijana wanaingia rika? Akasema hakuna. Nikamwambia basi mimi niko kazini."

Mi nikarudi ndani nikaruka. Sijivunii, ila nimeshasema habari ya kodi. Niliruka teki tisa, na ukweli ni kwamba sijui kuruka, mtoto wa mwinjilisti atajifunzia wapi, yule Mmakonde pembeni yangu alikuwa anapaa juu mimi nadunda dunda kama mpira umetoboka. Teki ya nne kameramani akasimamisha kila kitu. Kuna kaptula ya jinzi inachungulia chini ya shuka. Ni yangu. Nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya heshima tu, mnaelewa. Dada wa mavazi akaja, "kaka hiyo ivue, inaharibu picha."

Nikaivua. Na hapo ndo nikamkumbuka babu.

Mwishoni mwa miaka ya 60, baada tu ya Azimio la Arusha, serikali iliendesha operesheni ya kuwavisha Wamasai nguo za kisasa. Vijana wengi wa leo ukiwasimulia wanabisha, lakini ilikuwepo, viongozi wa mkoa waliisimamia, magazeti yakaandika, hoja ikiwa kwamba taifa linaendelea na kundi moja haliwezi kubaki limevaa rubega na kujipaka mafuta mekundu, ni aibu mbele ya wageni. Babu alikuwa kijana wakati huo. Alitusimulia kwamba boma lao lilikuwa na suruali moja ya kaki ya watu wanne, ilitundikwa kwenye mti karibu na barabara, anayekwenda Arusha mjini anaivaa, akirudi anaivua anaitundika, mwenzake akiwa na safari aikute. Alikuwa anasimulia kwa kucheka lakini kuna sehemu alikuwa hachekagi, ile ya siku aliyoichelewesha na mwenzake akashindwa kwenda kumuona mgonjwa.

Kwa hiyo piga hesabu, mi mhasibu. Shuka ambalo nchi ililionea aibu miaka ya 60, leo ndo liko kwenye mabango, kwenye kalenda za benki, kwenye kila kipeperushi cha utalii ukitua KIA. Babu aliambiwa avae suruali ili afanane na Mtanzania, mimi mjukuu wake naambiwa nivue ili nifanane na Mmasai, na katikati hapo hakuna aliyetuuliza tunataka kuvaa nini siku gani, maana mi shuka navaa, nikienda nyumbani Desemba navaa, kwenye harusi navaa juu ya suti na napendeza haswa.

Watu wakiongelea makabila madogo kwenye tiivii na matangazo, mara nyingi malalamiko ni kwamba hawaonekani, na kwa Wahadzabe au Wasandawe hiyo ni kweli kabisa. Sisi shida yetu imekaa tofauti. Sisi tunaonekana mpaka tunachosha. Hapa Tanzania hakuna anayejua tuko wangapi, sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, Kenya wao wanahesabu na ya 2019 ilitoa Wamasai milioni 1 na laki moja na themanini na kitu. Lakini ukihesabu mabango unaweza kudhani ni nusu ya nchi.

Ila hebu siku moja kaa uangalie matangazo kwa makini. Mama anafua, sabuni yake inatoa povu, ameinunua. Mtoto anakunywa maziwa, kanunuliwa. Bodaboda anajiunga bima, mwalimu anakopa benki, dada anachagua mafuta ya nywele. Halafu anatokea Mmasai, na Mmasai hanunui kitu! Yeye anaruka, anashangaa, amesimama kwenye kichuguu jua linazama na rungu begani. Na akishika simu basi kichekesho ndo hicho hicho, kwamba kaishika. Mbuzi anauzwa milioni ngapi kwa wiki kwenye mnada wa Meserani sijui, lakini nimekaa pale nimeona wazee wa mashuka wanatumiana pesa kwa simu haraka kuliko mimi ninavyohesabu, na sijawahi kuona tangazo linaloongea na yule mzee kama kastama, kwamba baba, makato yetu ni haya, karibu.

Nilimwambia hivi jamaa yangu wa chuo. Akanijibu vizuri, sitamnyima haki yake. Akasema tangazo lina sekunde thelathini, mtazamaji anapika huku anaangalia, lazima amtambue mtu mara moja. Mzaramo utamjuaje kwa sekunde moja? Mchaga je? Mmasai umemjua kwa rangi tu ya nguo, kwa hiyo mnatusaidia sana kazini. Nilipenda alivyosema ukweli. Lakini nikamuuliza, sasa nyie mnaona nguo au mnaona mtu, akasema kaka hiyo swali ni ya chuo, twende tukale.

Na sisi wenyewe hatujakaa tu. Boma za utamaduni kule Ngorongoro mtalii analipa anaingia anapiga picha, watu wanasomesha watoto kwa hizo hela. Zanzibar vijana kibao wako ufukweni na mashuka, wengine Umasai wao ulianza baada ya kushuka kwenye boti. Kuna Kili Paul, kijana anavaa shuka na shanga anaigiza nyimbo za Kihindi kwenye simu yake, watu mamilioni wanamfuata, mpaka Februari 2022 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Watu wananiuliza kama ananiudhi. Haniudhi hata kidogo, yule simu ni yake na kaishika mwenyewe, na wala hajajifanya hajui inavyowashwa.

Wa rika langu tunamkumbuka Mr. Ebbo. Huyo alirap kwa lafudhi ile ile inayochekwa, mwaka wa kwanza nyimbo yake ya Mi Mmasai inapigwa redioni sisi watoto tulitembea shingo ndefu. Alifariki 2011. Utamu wake ni kwamba aliyekuwa anashangaa alikuwa yeye, anawashangaa nyie wa mjini, na kicheko kilikuwa chake. Waliokuja baada yake wakachukua lafudhi peke yake. Nilipofika sekondari nje ya Monduli, jina langu likaisha wiki ya kwanza, nikawa Yero miaka yote, na kila nikinyoosha mkono darasani kuna mtu nyuma anasema "yeroo!" Nilikuwa wa tatu kwenye hesabu, aliyenisaidia kutosahau hilo ni mwalimu mmoja tu.

Kitu kingine, ukivaa suti umetoka kwenye picha. Wilaya yetu imetoa mawaziri wakuu wawili, Sokoine na Lowassa. Sokoine alifariki kwenye ajali Aprili 12, 1984, picha yake inajulikana na kila mtu aliyesoma shule ya msingi nchi hii, lakini ukimwambia mtu wa kampuni ya matangazo "chora Mmasai" hawezi hata bahati mbaya kuchora mtu mwenye faili mkononi. Na Rudisha yule wa Kenya, Mmasai, Agosti 2012 pale London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91, rekodi ya dunia, amevaa kaptula. Kaptula! Hakuna aliyemwambia aivue.

Kwenye habari ndo usiseme, na hapa nitapita haraka maana nikianza sitalala. 2022 mwaka wa mgogoro wa ardhi Loliondo, na mwaka ambao familia zilianza kuhamishwa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, nilikuwa naangalia taarifa ya habari kila usiku. Mara nyingi picha ilikuwa ng'ombe wengi kutoka mbali, vumbi, halafu mtu mwenye kipaza sauti anaeleza jinsi tulivyo wengi na tunavyoharibu mazingira. Mashuka yale yale ya kwenye bango la utalii. Kwenye bango sisi ni sehemu ya mandhari, kwenye habari sisi ndo tunaoharibu mandhari, na nadhani ni wazo moja tu limekatwa mara mbili. Mtu aliyezoea kukuona kama kichaka, siku ukiongea atashtuka tu, hata ungeongea taratibu.

Basi. Tangazo likatoka baada ya kama miezi miwili. Mimi naonekana sekunde moja na nusu kushoto, mguu mmoja juu. Sikumwambia mtu nyumbani. Jumapili baada ya ibada mama akapiga, yeye salamu zake ni ndefu, afya, kazi, mvua, ng'ombe mweupe kazaa, mpaka nikadhani nimepona. Halafu akasema watoto wa jirani wamemuonyesha kitu kwenye simu.

"Yule mwanaume anayeongea," akasema, "kwa nini amevaa mkufu wa bibi harusi?"

Nikamwambia yeyo, niliwaambia, walisema hakuna atakayejua.

"Monduli nzima imejua." Akakaa kimya kidogo. "Na wewe ulikuwa unaruka. Unaruka vibaya."

"Najua, yeyo."

"Walikulipa?"

Nikamwambia laki moja na nusu. Nikamsikia anahesabu, mama anahesabu kila kitu kwa mifugo.

"Mbuzi mmoja na mguu," akasema. "Haya. Niongezee bando basi, la wiki, langu limeisha na kesho ni siku ya mnada."